Wimbo wa Chini

Mimi ni msagaji wa nafaka. Kibanda changu cha mashine kiko Arua, njia ya Ombaci, na ukipita pale siku ya kazi utamkuta mtu mweupe kuanzia nywele mpaka kandambili, kwa sababu mhogo mkavu hauna adabu, unakaa popote. Watoto wa jirani wananiita mzungu na kukimbia. Jumapili naoga mara mbili, napaka mafuta, nabeba gita langu la besi na kwenda kupiga muziki kwenye baa. Mke wangu husema hata baada ya kuoga mara mbili, nikizigusa nyuzi unga unatoka. Anatia chumvi, ingawa si sana.

Bendi yetu ina watu wanne na haina wimbo hata mmoja wa kwake. Tunapiga nyimbo za watu wengine: rumba za zamani kutoka ng'ambo ya mpaka, nyimbo za Kampala zinazopendwa mwaka huo, za Juba wanazoziomba wafanyabiashara, na zile za kizungu za ng'ombe na farasi ambazo wazee wetu wanazipenda kwa sababu wanazozijua wenyewe. Mwimbaji wetu ni mwalimu wa chekechea huko Mvara. Mpiga gita la solo anatengeneza simu mjini Arua, na mpiga ngoma ni fundi bomba. Hakuna anayeishi kwa muziki, na ukitusikia vizuri utaelewa kwa nini.

Sasa niseme jambo ambalo wapiga besi wanalijua na hawalisemi mbele za watu. Hakuna anayetusikia. Siku moja, baada ya kupiga mchana kutwa, mteja mmoja alikuja mbele akampa mkono mwimbaji, akampa mkono mpiga solo, akampigapiga bega mpiga ngoma, kisha akanigeukia mimi akaniagiza soda. Nikamletea. Mama yangu mzazi alikuja kunitazama mara moja tu maishani mwake, na tulipofika nyumbani sifa aliyonipa ni kwamba nilisimama vizuri. Nilinuna kwa jambo hili miaka mingi. Nilikuwa mtu wa kununa kwa ujumla, lakini kwa hili nilinuna kwa bidii.

Labda nililistahili, maana hata mimi nilikuwa siwasikii wenzangu. Sisi hujifunza wimbo hivi: kila mtu anauingiza kwenye simu yake, anakwenda nao kazini kwake, na anachukua kipande chake tu. Mwimbaji huandika maneno ya Kilingala kwenye daftari la shule jinsi anavyoyasikia, bila kujua yanasema nini. Mimi huvaa kisikilizio kimoja sikioni huku mashine inanguruma, na kwa kelele ile kinachonifikia ni besi peke yake. Kwa hiyo nyimbo tunazozipiga sizijui majina, sijui zinahusu mapenzi au msiba, na ukiniambia nikuimbie mmoja nitakuimbia upande wa chini. Nilizipa majina yangu mwenyewe. Kuna Kupanda Ngazi, kuna Kuruka Mtaro, kuna Mzee Anashuka Kitandani. Wenzangu walinicheka lakini walizoea, na mwimbaji alipotaka kuanza wimbo alinigeukia akaniambia, "Mzee, sasa iko ile ya mtaro."

Jumapili nyingi tunapiga mjini Koboko, karibu na mpaka. Baa yenyewe ni uwanja uliozungukwa na senyenge, na upande mmoja kuna baraza kubwa la mabati ambamo sisi tunasimama. Mbuzi anachomwa pembeni. Tunaanza saa tisa alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula, na giza likianza tu tunafunga vyombo, kwa sababu mwalimu ana watoto wake kesho asubuhi na mimi nina foleni ya akina mama wenye mabeseni.

Jumapili ninayoikumbuka tulikuwa bado tunaunganisha nyaya. Akaingia mama mmoja wa makamo, kitenge kimenyooka cha kanisani, Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Mpishi wa nyama alikuwa anamfahamu. Alisema mama huyu anauza bamia kavu sokoni, ametoka upande wa Sudan Kusini na amekaa hapa miaka kadhaa. Alisimama mbele yetu wima, uso wa mtu aliyekuja ofisini na shida.

"Nyinyi iko watu ya muziki?" akauliza.

"Ndiyo, mama," mwimbaji wetu akamjibu.

"Mimi iko natafuta wimbo moja."

"Wimbo naitwa nani?"

"Jina yake mimi hapana jua."

"Basi imba maneno yake kidogo."

"Maneno haina. Bwana yangu alikuwa naimba na mdomo ya kufunga. Hivi." Akafumba mdomo, akatazama chini, akavumisha kitu kirefu kwa sauti nzito kuliko nilivyotarajia. Kikaenda, kikaenda, halafu kikakatika ghafla. Akajaribu tena, kikakatika mahali pale pale.

Akatueleza. Mumewe alikuwa fundi cherehani kule kwao. Alishona barazani kutwa nzima, na kutwa nzima alivumisha wimbo huo mmoja, kiasi kwamba yeye mama alikuwa akimwambia anyamaze. Vita vikawatoa. Mume aliugua wakiwa tayari upande huu, akafariki. "Picha yake ilibaki nyumba," alisema. "Simu yake ilipotea njia. Kitu iko imebaki ni hii wimbo, na hii wimbo sasa iko naanguka. Mwaka iko imepita nilikuwa nayo yote. Sasa nafika hapa, nakatika. Kesho itakatika kabla ya hapa." Alikwisha kwenda kwa kwaya mbili za kanisa. Alikwisha kwenda kwa kijana anayeingiza nyimbo kwenye simu za watu sokoni, akamvumishia mpaka kijana akaomba radhi. Alitaka kuusikia mzima, mara moja, ili aushike upya kabla haujamtoka wote.

Wenzangu walijaribu kwa moyo, nawapa haki yao. Mpiga solo alizitafuta sauti zile kwenye gita lake, zikatoka hazina kichwa wala miguu. Akaliweka gita chini akasema kwa upole, "Mama, mimi naona hii hapana wimbo. Mzee alikuwa nasikia raha tu." Mwimbaji alimwimbia vipande vya nyimbo tano sita, za zamani zote alizozijua, na kila kipande mama alitikisa kichwa. Mpiga ngoma akaanza kuangalia saa.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya spika, waya mdomoni, nikipigana na plagi iliyolegea. Nilitoa waya mdomoni nikasema, "Mama, sisi iko kazini. Kuja siku ingine." Ndivyo nilivyosema. Naandika hapa kwa sababu kama ningelificha hilo, yaliyobaki yote yangekuwa uongo.

Hakubisha. Aliuliza tu kama anaweza kukaa kidogo apumzishe miguu, na kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kando ya spika yangu, mahali ambapo hakuna mteja anayependa kukaa kwa sababu pananguruma mpaka tumboni. Akakaa, mfuko wake mapajani. Tukaanza kazi, tukapiga nyimbo tatu, watu wakaanza kusogea mbele na kucheza. Kisha waya wa maikrofoni ukaleta matata, tukasimama kuurekebisha.

Ndipo nikamsikia. Alikuwa anajivumishia peke yake, kichwa chini, taratibu, na safari hii hapakuwa na solo wala mtu anayemtajia majina ya nyimbo. Nilikuwa nikimsikia kwa sikio lile ambalo huwa linabaki wazi kibandani. Mkono wangu wa kushoto ukasogea juu ya shingo ya gita. Sikuuambia usogee. Vidole vilishika uzi wa pili, vikaenda wa tatu, vikarudi, na kila alipokwenda yule mama vilikuwa vimekwisha fika.

Nilipata baridi mwili mzima kwenye joto la Koboko. Sauti ile haikwenda kama wimbo unavyokwenda. Ilikwenda kama mimi ninavyokwenda. Ilikaa mahali ambapo mwimbaji hupanda, ikashuka mahali ambapo solo hucheka, ikangoja pale ambapo kila mtu anaharakisha. Mumewe hakuwa anavumisha wimbo. Alikuwa anavumisha besi. Wote waliomsaidia mama huyu walikuwa wamemtafutia juu, na kitu chake kilikuwa chini siku zote. Huko ng'ambo, barazani, mtu nisiyemjua alikuwa amesikiliza wimbo wenye sauti tamu, magita matatu na tarumbeta, akaviacha vyote vile, akachagua kipande ambacho mimi niliamini hakuna binadamu anayekisikia, akakiimba mpaka akafa nacho. Niliogopa. Sina neno jingine.

Nikachuchumaa karibu naye. "Mama, anza tena," nikamwambia. "Tafadhali."

Akaanza. Nikamfuata kwa besi, kwa sauti ya chini sana. Alishtuka, akanitazama, lakini hakuacha. Tukafika mahali pake pa kukatikia. Akakatika. Mimi sikukatika, kwa sababu ulikuwa Kupanda Ngazi, rumba tuliyoiacha miaka miwili nyuma watu waliposema inawachelewesha, na mkono wangu ulikuwa bado unaijua mpaka mwisho. Nikapanda ngazi ile, nikazunguka, nikashuka.

Mama akasimama, mfuko ukaanguka. "Hapo! Hapo ndiyo ilikuwa imepotea!"

Nikawaita wenzangu kwa kelele. Mpiga solo akajipiga paji la uso. Mwimbaji akafungua daftari lake, akatafuta ukurasa, na wote kwa pamoja tukampigia mama wimbo wake mzima, na maneno yake, na solo yake, kwa furaha ambayo hatujawahi kupiga nayo. Mimi nilimtazama yeye tu. Nilitegemea machozi. Nilijiandaa hata na mimi kulia.

Alikuwa anatutazama mmoja mmoja, amepotea kabisa.

"Hii iko wimbo gani?" akauliza tulipomaliza.

"Ni yako, mama," mwimbaji akasema.

"Hapana. Hii iko kelele mingi. Bwana yangu hapana imba hii." Akawanyooshea mkono wenzangu, bila ubaya, kama mtu anavyowanyamazisha watoto wakati wa sala. "Nyinyi nyamaza kidogo." Kisha akaninyooshea mimi kidole. "Huyu peke yake."

Sijui nieleze vipi. Nilimwangalia mwimbaji kuomba ruhusa, na mwimbaji akarudi nyuma hatua mbili, akanipisha mbele. Katika miaka yangu yote ya besi nilikuwa sijasimama mahali pale.

Nikapiga. Besi peke yake mchana kwenye baa ni jambo la ajabu, mabati yalitetemeka, chupa zikagongana mezani, na mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Bendi iko imeharibika?" Akanyamazishwa na mpishi wa nyama. Mama akatikisa kichwa. "Polepole." Nikapunguza mwendo. "Polepole tena." Nikapunguza mpaka nilijisikia nimebeba gunia. Hapo akafumba macho, akaanza kuvumisha pamoja nami, na sehemu ya kwanza tukaipita. Tulipofika pale alipokuwa akikatikia, nikapanda ngazi.

"Hapana!" akasema. "Hapo bwana yangu nangoja."

Sasa, mimi ni mbishi, na wimbo huu niliujua. "Mama, wimbo hapana simama hapo," nikamwambia. "Naenda moja kwa moja."

"Nangoja," akasema tena. Na alipoona sielewi, akanionyesha kwa mikono. Alikaa kwenye kiti chake, akaweka mguu kwenye pedali isiyokuwapo, akausukuma mara tatu nne, akavumisha mpaka mahali pale. Mguu ukasimama. Mkono mmoja ukainua kitu kidogo hewani, kile kinachobana kitambaa chini ya sindano. Mkono wa pili ukashika kitambaa kwenye kona, ukakigeuza pole pole, ukakilaza, ukakinyoosha kwa kiganja. Kile kitu kidogo kikashushwa. Mguu ukaanza tena, na sauti ikaendelea.

"Nageuza kitambaa," alisema.

Kila mara alipofika pale, mzee yule alikuwa amefika kwenye kona. Au alikuwa anaivuta kona ije ikutane na wimbo, sijui, mafundi wana mambo yao. Miaka yote ile ya kuwa naye nyumbani, mama huyu aliujua wimbo ukiwa na kona ndani yake.

Nikaanza upya. Nikafika. Nikainua vidole kwenye nyuzi, nikangoja. Mtu aliyekuwa na nyama mdomoni hakutafuna. Mama alikuwa amefumba macho na mkono wake unageuka hewani, bila haraka yoyote, na mimi nilikuwa nautazama mkono ule kama sijawahi kutazama mkono wa mtu. Nilikuwa nangoja ruhusa ya mtu aliyekwisha kufa.

"Sasa," mama akasema, na nikapanda.

Tulirudia mara tatu. Mara ya nne niliondoa mikono yangu kabisa, naye akauvumisha peke yake toka mwanzo mpaka mwisho, na kona yake, bila kuangusha hata kipande kimoja. Mwimbaji wetu alikuwa amejifunika uso kwa taulo la jasho. Mama akaokota mfuko wake, akatupa mkono mmoja mmoja, akaanza na mimi, kwa mikono miwili. Kisha akatoka akivumisha. Tulimsikia mpaka akawapita watu wa boda kule getini.

Tuliurudisha wimbo ule kwenye orodha, na ugomvi ukaanza. Jumapili iliyofuata nilipofika kwenye ngazi nikangoja, wenzangu wote wakaendelea, tukachanganyikana kama kuku. "Mzee, wimbo nakatika hapo!" mwimbaji akanifokea. "Mama ile haiko leo." Nikamwambia hata kama hayuko. Wiki ya pili nikangoja tena, akanikata jicho. Wiki ya tatu mpiga ngoma, ambaye huwa hasemi, aliinua fimbo zake juu akangoja pamoja nami, na mpiga solo akaona aibu naye akangoja. Mwimbaji akabaki na neno lake la Kilingala limening'inia peke yake. Tangu siku hiyo na yeye anangoja.

Jambo ambalo sikulitegemea ni wachezaji. Watu wa Koboko wanapenda kucheza na hawapendi kuchezewa. Mwanzoni walijikwaa na kutupigia miluzi. Baada ya muda wakaijua kona. Sasa tukifika pale uwanja wote unasimama, askari wastaafu na wake zao, wauza simu, wasichana wa saluni, mguu mmoja juu, mikono hewani, hakuna anayecheka. Hakuna aliyewaambia sababu. Wanamngoja fundi nisiyemjua ageuze kitambaa chake, na akimaliza wanatua wote kwa pamoja na vumbi linapanda. Kila Jumapili nashikwa na baridi ile ile.

Mama alipita mara moja, kikapu kichwani, akasimama nje ya senyenge. Kuingia hakutaka, alikuwa na nguo za kazi. Aliutazama uwanja unavyosimama, akaweka kiganja mdomoni, na hakukitoa mpaka tulipomaliza. Nikaweka gita chini nikaenda mpaka kwenye senyenge, nikamsalimia, nikamuuliza tumepiga vipi. Nakiri nilikuwa nataka kusifiwa.

Alikishusha kikapu chini.

"Iko mzuri," alisema. "Lakini leo bwana yangu iko na haraka."